Nguruwe wamejaa, dalali wao yuko wapi?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Waterloo, jimbo la Iowa, huu mwaka wa sita, na kazi yangu ni kiwanda cha nyama ya nguruwe. Mzee tuliyepanga kwake ni Mzungu wa miaka themanini na kitu. Babu yake alikuwa na lori, akipita vijijini kununua nguruwe na ng'ombe. Baba yake akafungua kituo cha kununulia mifugo chenye mzani wake. Yeye mwenyewe akakifunga mwaka 1999. Mjukuu wake ana mabanda mawili makubwa ya nguruwe, lakini mzee anasema wale si nguruwe wake. Nikimuuliza ilikuwaje, hujibu tu kwamba soko lilikufa. Mbona mimi naona malori ya nguruwe usiku na mchana? Naomba unifafanulie. Tena, mimi na shemeji yangu tuna wazo la kununua na kuuza mbuzi huku huku. Je, tutaishia kama yeye?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mzee hajakudanganya, na macho yako pia hayajakudanganya. Iowa ya leo ina nguruwe wengi kuliko siku zote ambazo familia ile ilikuwa na lori. Ila ile dakika ya mtu kusimama mbele ya mnyama, kumtazama, kutaja bei, na mwenye mnyama akakubali au akakataa, hiyo ndiyo iliyotoweka. Familia ya mzee wako ilikuwa inakula kwenye dakika hiyo.

Nalielewa jambo hili kwa sababu kazi ya mifugo niliianzia mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Kule nilikuwa na dalali mmoja aliyekuwa akimpiga ng'ombe kofi la paja, anamzunguka mara moja, kisha anataja kilo za nyama. Tulimfuata machinjioni kumhakiki. Alikuwa akikosea kilo tano, sita. Nilipokuja kusoma habari za mifugo ya majimbo ya katikati ya Marekani, nilikuta watu wa aina ile ile, na nikakuta jinsi walivyoondolewa kazini mmoja mmoja, bila mtu kuwafukuza. (Wasomaji wasiogusa nguruwe wanisamehe. Habari za Iowa huwezi kuzisimulia bila mnyama huyu.)

Tuanze na babu. Zama zake, soko kubwa lilikuwa Chicago, kwenye mazizi ya Union Stock Yards yaliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1865. Mifugo ilifika kwa treni, ikapokelewa na madalali waliomwakilisha muuzaji kwa malipo ya kila kichwa, na upande wa pili wakasimama wanunuzi wa viwanda vya nyama. Malalamiko ya wizi na ya matajiri wachache kula njama yalikuwa mengi, ndipo bunge la Marekani mwaka 1921 likapitisha sheria ya kusimamia viwanda vya nyama na mazizi ya soko. Kumbuka sheria hiyo, tutairudia kwenye mbuzi wako.

Mkulima wa Iowa wa wakati ule alikuwa na kila kitu kidogo kidogo: mahindi, shayiri, majani ya kukausha, kuku, ng'ombe kadhaa wa maziwa, na nguruwe ishirini au thelathini wanaozurura nje. Mahindi yasiyolipa yakiuzwa kama nafaka, aliyapitisha kwenye tumbo la nguruwe yakalipa. Ndiyo maana walimwita nguruwe mlipa rehani: deni la shamba lilikuwa likiondoka kwa miguu yake minne. Sasa mtu huyu ana nguruwe tisa waliokwisha nenepa, hawajai behewa la treni. Afanyeje? Anamwita mwenye lori.

Faida ya mwenye lori wengi huidhani ni nauli. Nauli ilikuwa sehemu tu. Pesa yake hasa ilitoka kwenye kupanga. Kwa huyu ananunua tisa, kwa yule kumi na wanne, wengine wanene, wengine wamepungukiwa, mmoja anachechemea. Akifika kwake anawatenganisha: wa uzito mmoja pamoja, wa mafuta mengi pamoja. Kiwanda kinalipa zaidi kwa kundi linalofanana, kwa sababu kazi ya kisu inakwenda kwa mpigo mmoja. Wewe uliye kwenye mstari wa nyama unalijua hilo kuliko mimi. Pia alilazimika kukisia mnyama atapungua ratili ngapi (ratili ni karibu nusu kilo) njiani kwa kiu, kukojoa na hofu. Akikosea ratili tano kwa kila kichwa, safari nzima imeliwa. Kwa hiyo bidhaa ya babu ilikuwa jicho lake, na lori lilikuwa chombo cha kulibebea.

Baba akakuta mambo yamegeuka, na yakamgeukia vizuri. Malori na barabara za lami ziliwapa wenye viwanda sababu ya kuhama miji mikubwa na kuufuata mfugo ulipo. Waterloo kwenu tayari kulikuwa na kiwanda cha Rath, kilichoanza mwaka 1891 na kukua hadi kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya nguruwe nchini. Mkulima hakuhitaji tena Chicago. Alisikiliza bei redioni, akapakia wake kwenye pikapu, akaenda kituoni, wakapimwa, akapewa hundi, akanywa kahawa, akarudi kulisha. Mwaka 1955 Omaha, mji wa jimbo jirani la Nebraska, iliipita Chicago kwa wingi wa mifugo, na mwaka 1971 mazizi ya Chicago yakafungwa kabisa. Watu wa mjini waliandika kama msiba. Kwa baba wa mzee wako ile ilikuwa neema, kwani biashara ilikuwa imemjia mlangoni.

Upande wa ng'ombe haukumfurahisha hivyo. Miaka ya 1960 Iowa ilikuwa mstari wa mbele kwa kunenepesha ng'ombe, kila shamba na wake arobaini au hamsini. Kampuni ya Iowa Beef Packers ilianza Denison, huko huko Iowa, na mwaka 1967 ikaanza kuuza nyama iliyokwisha katwa na kufungwa kwenye maboksi badala ya kupeleka robo nzima ya ng'ombe kwa muuza bucha. Ufundi wa bucha wa mjini ukahamia kiwandani, ukagawanywa vipande vidogo ambavyo mtu anaweza kujifunza kwa siku chache. Maeneo ya kunenepesha maelfu kwa maelfu yakakua Kansas, Texas na Nebraska, na viwanda vikayafuata. Vituo vya Iowa vikabaki na nguruwe zaidi kuliko ng'ombe.

Halafu ikaja miaka ya 1980, na hapa naomba uende na mimi polepole, maana ukizungumza na mzee yeyote wa Iowa utaona sauti inabadilika akifika hapa.

Mwaka 1972 Umoja wa Kisovieti ulinunua nafaka nyingi sana kutoka Marekani. Bei zikapanda. Waziri wa Kilimo, Earl Butz, akawahimiza wakulima walime mpaka ukingo wa uzio. Benki zikafungua mikono, ardhi ikawa inapanda bei kila msimu, na mtu aliyekopa kununua shamba la jirani alionekana mwerevu. Kisha Benki Kuu chini ya Paul Volcker ikaamua kuuvunja mfumuko wa bei kwa riba. Desemba 1980 riba ya msingi ya mabenki ilifika asilimia 21.5. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Rais Carter alikuwa amezuia kuuza nafaka kwa Wasovieti kwa sababu ya kuivamia Afghanistan. Mkulima akabanwa huku na huku: deni linazidi, mazao hayana bei. Ardhi ya Iowa iliyofika wastani wa dola 2,147 kwa ekari mwaka 1981 ilikuwa dola 787 mwaka 1986. Mtu aliyekopa kwa dhamana ya shamba akaamka na dhamana isiyofika nusu ya deni, na wala hajafanya kosa lolote la ukulima.

Minada ikawa mingi, lakini ya kuuza vyombo vya shamba. Kwa kituo cha kununulia mifugo hii ni sumu ya taratibu. Kinachouzwa pale kituoni ni nguruwe, lakini rasilimali yake ni orodha ya wakulima mia tatu wanaojua jina lako. Kila shamba lililopigwa mnada lilikuwa jina moja limefutwa, na ardhi ikaenda kwa jirani aliyebaki, ambaye mara nyingi alitaka mahindi na soya tu, hataki kuamka usiku wa baridi kumzalisha nguruwe. Rath nacho, baada ya wafanyakazi wenyewe kukinunua ili kukiokoa, kilifungwa mwaka 1985. Kiwanda kingine kikafunguliwa Waterloo mwaka 1990 na ile kampuni ya maboksi, ambayo kampuni kubwa ya nyama ya Tyson iliinunua mwaka 2001. Mishahara ya kazi za nyama ilikuwa imeshashuka, wenyeji hawakuzigombea tena, na viwanda vikaanza kutafuta watu mbali. Ukijiuliza mtu wa Kigoma amefikaje Waterloo, sehemu ya jibu iko hapo.

Pamoja na yote hayo, kituo kingeweza kuendelea. Vilivyokimaliza ni vitu viwili, na cha kwanza ni mashine. Mwanzoni mnyama alilipiwa akiwa hai, kwa uzito na kwa kumtazama. Viwanda vikaanza kulipia mzoga ukiwa umeshaning'inizwa: chombo kinachomekwa mgongoni, kinasoma unene wa mafuta na wa msuli, kompyuta inatoa bei. Tangu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafuta ya nguruwe yalikuwa yamekosa soko, yameshindwa na mafuta ya mimea jikoni na sabuni za kemikali, kwa hiyo kila mtu alitaka nguruwe mkavu. Chombo kile hakichoki, hakina shemeji wala chuki na mtu. Jicho la vizazi vitatu likapata mshindani asiyelipwa mshahara. Mimi nakiri chombo kile ni cha haki kuliko madalali wengi niliowahi kuwaona, hata yule wangu wa Pugu.

Cha pili ni mkataba. Kuanzia miaka ya 1980 kule North Carolina, kisha Iowa miaka ya 1990, ufugaji ulikatwa vipande kama ile nyama ya maboksi. Shamba moja linazalisha tu. Watoto wanaachishwa maziwa wakiwa na wiki tatu hivi, wanapelekwa shamba lingine, banda la vichwa 1,200 au 2,400 lenye sakafu ya nyufa na shimo la samadi chini. Kampuni ndiyo yenye nguruwe, chakula na daktari. Mwenye banda ana jengo, kazi na samadi. Nguruwe wa namna hii ameshapangiwa kiwanda na siku ya kuchinjwa kabla hajazaliwa. Hakuna siku hata moja katika maisha yake ambayo yuko sokoni.

Takwimu zinasema vizuri kuliko mimi. Mwaka 1982 Iowa ilikuwa na mashamba kama 49,000 yenye nguruwe, wastani wa karibu vichwa 300 kila moja. Mwaka 2017 mashamba hayakufika 6,000, na nguruwe walikuwa zaidi ya milioni 22, yaani kama 4,000 kwa shamba, katika jimbo lenye watu milioni tatu na ushei. Mwaka 1994 zaidi ya nusu ya nguruwe wa Marekani walikuwa bado wanauzwa kwa bei ya kupatana siku ile ile. Siku hizi ni asilimia chache mno. Na hicho kisehemu kidogo ndicho kimekuwa kikitumika kukadiria bei ya mikataba mingi ya hao wengine. Soko limekuwa dogo kama shimo la sindano na bado nguo yote inapita humo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya uchumi hulisahau. Ni viatu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulizuka ugonjwa wa virusi unaoharibu mimba za nguruwe na mapafu ya watoto wao, na mwaka 2013 ukaingia mwingine wa kuharisha ulioua mamilioni ya watoto wa nguruwe. Mashamba yakajifungia. Leo kwenye banda la wazazi unaoga kwanza, unavaa nguo zao, na ukitoka unaoga tena. Sasa mfikirie mnunuzi wa zamani, sifa yake yote ni kwamba asubuhi moja amepita mazizi kumi kwa buti zile zile! Kile kilichomfanya ajue kila mtu ndicho kilichomfanya asikaribishwe na yeyote.

Mwaka 1998 ulikuwa pigo la kumalizia. Nguruwe walizidi kupita kiasi, viwanda kadhaa vilikuwa vimefungwa, wateja wa Asia walikuwa kwenye msukosuko wa fedha. Desemba ile bei ya mnyama hai ilishuka hadi senti 8 mpaka 10 kwa ratili. Nguruwe wa ratili 250, kama kilo 113, ukamuuze dola 20 hadi 25, wakati chakula alichokula kilishapita hapo mbali. Wenye mikataba yenye bei ya chini iliyohakikishwa walipona. Waliokuwa wakiuza kwa hundi ya siku, wateja wa kituo cha mzee wako, waliacha kwa makundi majira ya joto yaliyofuata. Ukiniambia alifunga mwaka 1999, sihitaji kuuliza sababu.

Sasa huyo mjukuu. Mzee akisema si nguruwe wake, anasema kweli kisheria. Mjukuu analipwa kwa nafasi za banda au kwa kila kichwa, bei ya nguruwe ipande ishuke. Amekopa benki kujenga, na hundi za kampuni zinalipa mkopo. Samadi anaimwaga kwenye mahindi yake, inampunguzia mbolea ya dukani, na kwa wengi faida ya kweli iko hapo. Nimewasikia watu wakimwita mtu kama huyu mtumwa kwenye ardhi ya babu yake. Mimi sikubali hivyo kirahisi. Kijana asiye na mtaji amerudi shambani na analala usingizi Desemba. Ila mkataba ukiisha, banda lile halifai kuwa kanisa wala ghala, na deni bado liko kwa jina lake. Kampuni ikibadili mawazo, yeye ndiye anabaki na sakafu ya nyufa. Mwaka 2020, viwanda vilipofungwa kwa Korona, Waterloo ikiwa mojawapo, kulikuwa na wafugaji waliolazimika kuua nguruwe wazima, kwa sababu nyuma yao kundi lingine lilikuwa tayari njiani na hakuna zizi la kuwaweka. Ule mfumo wa babu, wenye lori na vituo na wanunuzi wengi, ulikuwa unavuja pesa kila mahali, lakini ulikuwa na mahali pa kupumulia. Na mwaka 2024 mji wa Perry, hapo hapo Iowa, ulipopoteza kiwanda chake cha nyama ya nguruwe, watu kama 1,300 walikosa kazi kwa tangazo moja. Hilo lakuhusu wewe zaidi kuliko mjukuu.

Kuhusu mbuzi, mimi naona wazo lenu lina mguu wa kusimamia, kwa sababu mbuzi wa Iowa bado hajapangwa na mtu. Hakuna chombo kinachomsoma mgongo, hakuna mkataba, hakuna makundi ya 2,400. Anatoka kwa mkulima mwenye kumi, anauzwa mnadani, na mnadi na mnunuzi wanaangaliana usoni. Nendeni kwenye mnada wa Kalona, kusini mashariki kwenu, mwendo usiofika saa mbili kwa gari, mkaangalie tu bila kununua, mara tatu au nne. Utawaona Waamish, Wasudani, Wamexiko, na madalali wanaopakia kwenda mashariki. Bei hupanda kabla ya Idd, na kwa kuwa Idd inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, mkulima wa kienyeji huwa hajui lini. Wewe unajua. Mkulima huyo anaweza pia kumkata mbuzi pembe akidhani anamtengeneza, kumbe baadhi ya wateja wa kuchinja wanamtaka mzima. Tofauti kati ya unachokijua wewe na asichokijua yeye ndiyo faida ile ile ya babu.

Mambo ya kuangalia. Ukinunua na kuuza wanyama hai kama biashara, ile sheria ya 1921 inakuhesabu mfanyabiashara wa mifugo: unajiandikisha, unaweka dhamana, na tangu marekebisho ya 1976 unatakiwa kumlipa muuzaji kabla ya kufunga kazi siku inayofuata, kwa hiyo usianze bila fedha mkononi. Mbuzi lazima awe na hereni ya utambulisho inayohitajika kwa ajili ya kufuatilia skrepi, ugonjwa wa ubongo unaoua kondoo na mbuzi. Nyama ni habari nyingine kabisa na wengi wetu wamejikwaa hapo: mteja anaweza kumnunua mbuzi akiwa hai na kumpeleka achinjiwe kwa matumizi ya nyumbani kwake, lakini nyama hiyo haiuzwi hata kilo moja. Ukitaka kuuza nyama, mnyama achinjwe kwenye machinjio yenye mkaguzi, na ya halali yenye mkaguzi si mengi, hivyo tafuteni nafasi mapema kabla hamjanunua mnyama wa kwanza. Anzeni na vichwa vichache ambavyo mkivipoteza vyote kodi ya nyumba bado mtalipa.

Na siku ya kwenda Kalona, mpeni mzee kiti cha mbele. Hajashika mbuzi labda, lakini kukisia uzito wa mnyama anayetembea na kujua nani mnadani anapandisha bei kwa uongo ni kazi aliyoifanya maisha yake yote, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna mtu aliyemuuliza.